Salamu Kwanza, Albamu Baadaye

Jumatano, 1998

Nilihofia watanifukuza kwenye lile kundi la intaneti la wapenda muziki wa metali, ule wa magitaa ya kelele. Juzi, kabla ya kusema kwamba katika albamu wanayoisifu mpiga ngoma akimbia peke yake na kuwaacha wenzake nyuma, niliwasalimu wote na kuwauliza hali za nyumbani.

Kombo, mwenye kompyuta ninayokodi pale mtaa wa Buxton, alicheka mpaka machozi. "Ami, watu watukanana humu, nawe wawauliza hali za wazee wao?"

Sasa mtu aingieje kwa watu bila salamu?

Leo kanijibu yule mkali wao, asiyemstahi yeyote. Mamake katoka hospitali, ashukuru kwa kuulizwa, na maoni yangu kuhusu albamu ni takataka tupu.

Nitalala raha. Sijapata kutukanwa kwa adabu namna hii.