Maboksi ya Chini ya Kitanda Chako

Barasa,

Niaje? Ni Mwende. Najua hutanijibu, lakini nimekasirika na sina mwingine wa kumwambia.

Tangu tukuzike, bendi haijavunjika. Bado tunafanya mazoezi Jumapili baada ya ibada, ukumbi uleule wa kanisa, na pasta bado anachungulia dirishani ameziba masikio. Aliyebadilika ni Wekesa. Gitaa ni lilelile, lakini siku hizi ati anatunga nyimbo. Wekesa huyu! Aliyekuomba umwandikie hata meseji ya kumtongoza yule manzi wa mtaa wa Fedha! Wiki tatu, nyimbo tatu.

Roho ikaanza kunisumbua. Nikakumbuka siku ya matanga, nilipiga magoti nikaangalia chini ya kitanda chako, pale ulipoweka vile vipande vya maboksi ya kiwandani ulivyoandikia nyimbo zako. Hakikuwepo hata kimoja. Mama yako akasema labda watu waliwashia jiko. Nikaamini. Nikalia mpaka kamasi.

Halafu Jumapili iliyopita Wekesa akanipa wimbo wa tatu niuimbe. Ubeti wa kwanza unachechemea, maneno ya kuokoteza tu. Wa mwisho, haki ya nani, ulinikata sauti. Hapo nikajua. Ni wewe peke yako uliyekuwa unaanza wimbo kwa ubeti wa mwisho, halafu unatuambia, "Huku mbele tutajaza pamoja."

Mwizi! Nilimfuata hadi kwake, nikasingizia nimekuja kuchukua waya wa maiki. Alipoenda kuchemsha chai nikafungua kabati. Maboksi hayo hapo, yamepangwa vizuri, mwandiko ni wako. Nikamtupia yote mezani, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakujitetea. Alinisukumia kipande kimoja tu, ulichomwandikia yeye:

"Wekesa, daktari amesema sitamaliza mwaka. Wewe jaza huku mbele. Mwende asijue, atashindwa kuimba."

Kumbe. Mimi uliniambia ni vidonda vya tumbo. Nikakuletea uji kila jioni, nikakugombeza kwa kula chipsi na pilipili, nawe unacheka tu. Wiki zote hizi tatu nimemtazama Wekesa kama mwizi, na aliyenificha ukweli ni wewe. Imeniuma, Barasa. Ningejua ningekaa zaidi. Ningekuacha ule hizo chipsi.

Nimemwomba Wekesa msamaha. Anasema alikuwa anaogopa kunitazama machoni aniambie ukweli, ndiyo maana akajifanya mtunzi. Tulikunywa chai yake, baridi na haina sukari.

Lala salama, rafiki yangu. Bado nina hasira na wewe, na bado nakupenda. Jumapili nitauimba ule ubeti wako hadi neno la mwisho, na sauti haitakatika. Ikikatika nitarudia, na nitarudia tena, mpaka ujue ulikosea kuhusu mimi.

Mwende