Sauti ya Dada Iko Penang

Jumatano, 9 Oktoba

…halafu eti nisiulize. Mimi! Bun-liong huyu, mtoto wa dada yangu, nimemwogesha kwa mikono hii, leo ananiambia, "Mama mdogo, kompyuta ikitulia usiiulize hali. Ukiiuliza tu, inaanza vituko." Kiwandani kwao wanaamini hivyo wote, wahandisi wazima. Juu ya mashine kaweka pakiti ya kijani ya vitafunio, ile ya mahindi ya kuvimba yenye ladha ya nazi. Ya kijani ndiyo inayoitia adabu. Ya njano, mashine inagoma. Isipitwe na tarehe, na asiile mtu. Sibishi. Hata mungu wa hekalu letu hapa Tainan anawekewa machungwa.

Lakini sauti ya dada haiji, ndilo linalonikera. Tangu walipomtoa koromeo, dada Siok-ngo anaongea kwa mikono. Yeye aliyekuwa akiigiza wanaume jukwaani, akianza kuimba hata muuza soseji anapunguza moto asikie! Kanda zetu zote zilioza kwenye mafuriko. Imebaki moja, kwa mzee Khoo wa Penang, aliyemrekodi tulipokwenda kucheza kule. Iko kwenye kompyuta yake, na yetu inaichota kupitia mtandao, kipande kipande. Programu yenyewe imejificha huko nyuma, haina picha wala dirisha. Unaisemesha kwa kuandika maneno kwenye kioo cheusi: amka, lala, hali yako. Yaani kama mkwe mwenye kiburi. Zamani wenye rekodi hiyo walikuwa wengi, wakipeana vipande kila mtu kwa kompyuta yake. Wamezeeka, wamezima. Kabaki Khoo — na Khoo Jumapili anahamia kwa mwanawe Kuala Lumpur, kompyuta inakwenda kwa mtu wa vyuma chakavu. Kutuma kwa njia nyingine hawezi, anajua kuwasha na kuzima tu. Aliyemtengenezea alikuwa mpangaji wake, kashahama.

Sasa nisiulize vipi?

Ijumaa, 11 Oktoba

Imetulia. Taa inawaka, feni inavuma. Nimeipangusa vumbi, pakiti nikairudisha palepale. Dada kaniuliza kwa nyusi. Nimemwambia inakuja. Uji wa samaki kaacha nusu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Khoo kapiga simu. Huyu mzee anaongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Kauliza, hivi mmeghairi? Maana kile kijitaa chake kinachopepesa tukichota hakijapepesa tangu Jumanne.

Nikamwita Bun-liong. Kaja na kandambili za chooni. Kakaa, kaandika lile neno la kuuliza hali — lile tuliloogopa siku zote hizi. Ikajibu imelala. Kwamba imelazwa. Na nani? Na yeye mwenyewe! Jumanne alikuwa na kikao cha kazi cha video, mtandao ukawa mzito, akailaza programu mara moja amalize kikao. Akamaliza. Akaenda kula. Kuiamsha, hakuamsha. Na sisi huku tunanyata kama nyumba yenye mtoto mchanga, hakuna anayeuliza, tunasifu mashine ina adabu.

Nikamwambia, "Hata maiti ina adabu."

Nikageuka, kumbe mama yake yuko mlangoni, kasikia yote. Mikono kaiweka nyuma. Mtu anayesema kwa mikono akiiweka nyuma, basi ujue.

Kaiamsha. Eti sasa inakagua kwanza vipande ilivyokuwa navyo, kimoja kimoja, ndipo ianze kuchota. Nikasema haya, ikague, na sisi tukae tukiangalia. Kuna vitu vimeumbwa kunitoa roho.

Jumapili, 13 Oktoba

Inachota. Tangu asubuhi Bun-liong kakaa hapohapo, na aliyenikataza kuuliza sasa anauliza yeye kila akivuta pumzi: hali yako, hali yako, hali yako. Nimemwambia amwache mtoto wa watu afanye kazi. Hakucheka. Dada yuko nyuma yake, kashika mgongo wa kiti. Hamgusi, kashika kiti tu.

Anasema imebaki kidogo sana. Lakini ikikosekana hiyo kidogo, ni wimbo wa mwisho wote unaokosekana, ule wa kuagana — na huo ndio dada anaoutaka, hizo nyingine ananionyesha kwa mkono: peleka huko.

Sasa Khoo yuko kwenye simu. Gari la mwanawe liko mlangoni, masufuria yamepakiwa, kabaki yeye na waya wa kompyuta, anataka kuuchomoa. Honi naisikia mpaka huku. Bun-liong anamwomba asubiri kidogo, na Khoo anasema hamwelewi, kijana anaongea kama kajaza wali mdomoni. Ni kweli. Vijana hawa wamefundishwa Kichina cha shule; lugha ya nyumbani, hii yetu na Khoo, wanaitafuna tu. Mzee anaaga sasa, namsikia anaaga —

Bun-liong ananinyooshea simu. "Mama mdogo, njoo. Mwambie chochote, usimwache akate."

Haya, naja. Nitamwanzishia ile hadithi ya mvua ya Penang, tulipokwenda kucheza. Ile ni ndefu.