Wageni wa Japani na mgongo wangu

Alhamisi. Mvua imekataa kunyesha tangu asubuhi, mawingu yamekaa tu juu ya mto, na mimi nimechoka hoi.

Ninaandika nikiwa sakafuni, mgongo ukutani, kwa sababu saruji ina baridi na kitanda kina joto. Mtoto tumboni anapiga mateke. Ana nguvu kuliko mama yake.

Wiki nzima shuleni hatukufundisha kitu. Tulikuwa kwenye animasyon, kuimba na kucheza kwa sifa za Chama na mkubwa wake, asubuhi na tena mchana, ili tuwapokee wanafunzi wa Kijapani wanaotembea nchi za watu kwa ajili ya urafiki na utamaduni. Walimu wanawake tunakaa safu ya mbele, tumejifunga vikwembe vya sare, tabasamu lazima. Mimi ndiye mwanzisha nyimbo. Sauti aliyonipa Mungu imekuwa shokoa, kazi ya kulazimishwa.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Kwa hii ya sasa mkunga amenionya nipumzike, nisirukeruke. Jumatatu nilimwomba mkubwa wa animasyon, yule anayetupanga safu, aniache nikae. Alinitazama kama nimemtukania baba yake, akaniita mwananchi, kwa Kifaransa cha Chama.

"Citoyenne Feza, uko na mimba, hauko mugonjwa. Wageni wanakuya kuona Zaire yenye kusimama."

Nikasimama. Mwenzetu mmoja aliyewahi kugoma alihamishiwa shule ya porini, mbali na mumewe, na mpaka leo yuko huko.

Leo wamefika. Treni ilichelewa kama desturi yake, tukaimba mbele ya reli tupu. Waliposhuka, maskini, walikuwa wamechoka kutuzidi. Msichana mmoja alisinzia wima huku tunamchezea. Nilimwonea wivu, kusema kweli.

Baadaye, kwenye uwanja wa shule, wakubwa wakataka wageni nao waonyeshe animasyon yao. Wageni wakanong'onezana, wakajipanga. Mmoja akawa anahesabu, wengine wananyoosha mikono, wanainama, wanazungusha viuno taratibu. Mkalimani waliyekuja naye kutoka Kinshasa akaeleza kwamba kwao wanafanya hivyo kila asubuhi, na hata walipotembelea Amerika waliwafundisha wenyeji wao.

Tukapiga makofi. Mkubwa wetu akasubiri, akasubiri, mwisho akauliza:

"Njo muzuri. Lakini jina ya mukubwa wao, wanaiimba saa gani?"

Mkalimani akatafsiri. Yule msichana wa usingizi akajibu akiwa ameziba mdomo kwa mkono, anacheka. Hakuna jina, alisema. Ni kwa ajili ya mgongo.

Mgongo tu.

Mkubwa akamnong'oneza jirani yake kwamba watu hawa wanaficha siri za chama chao. Mimi nikageuza uso. Watu wazima wanaamka kila asubuhi kuutunza mgongo wao, na hakuna anayewakaripia! Sikujua kama jambo hilo linaruhusiwa duniani.

Tulipoanza tena kucheza, nilishika kiuno. Msichana akaniona, akalitazama tumbo, akaenda moja kwa moja kwenye viti vya wakubwa, akachukua kimoja kilichokuwa wazi na kukiweka nyuma yangu. Akainama kidogo, akarudi mahali pake. Uwanja mzima ulitutazama. Mkubwa naye alinitazama.

Sikukaa.

Niliimba mpaka mwisho, kiti kikigusa vigimbi vya miguu yangu, na yule binti hakuelewa kwa nini nimemkatalia. Nimeona haya mbele yake kuliko mbele ya mtu yeyote wa mji huu. Na usiku huu tumbo linanivuta chini, nami naogopa.

Kesho wageni wanapanda mtumbwi wa mota kwenda Lokandu, na sisi tunatakiwa kwenye kivuko kuwaimbia. Nitakwenda. Nitabeba kiti kutoka nyumbani, nitaketi mbele ya wote, na wimbo nitauanzisha nikiwa nimeketi.

Wakitaka kunihamishia porini, watuhamishe tukiwa wawili.