Obokano Wako Wameupaka Vanishi

Mpendwa Baba Mdogo,

Jana nimeuona obokano wako, kinubi kile ulichokuwa ukipiga. Ulikuwa umetundikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu, juu ya kombe, nao umepakwa vanishi. Nimekasirika, na wewe ndiwe ungeelewa kwa nini bila kuelezwa.

Mzee wa kanisa alipotangaza pale Ikonge kwamba arusi yenye obokano si arusi ya Kikristo, ulikuwa umekwisha kubatizwa. Pombe uliacha, tumbaku uliacha, obokano hukuuacha. Mialiko ikakoma. Ndipo ukaubeba mgongoni hadi stendi ya mabasi ya Kisii, ukaweka kigoda chako kando ya duka la nguo. Sabato tu hukuonekana hapo. Ulikuwa kanisani, benchi la nyuma, ukiimba besi.

Nilipokuwa nikikaa Nyanchwa nilishuka kukusikiliza. Kwanza uliiinamisha ngozi ya obokano juu ya makaa ya mama mchoma mahindi, ukaigonga kwa kidole, ukasikiliza, ukairudisha tena motoni.

"Ngozi ikipata baridi hununa," uliniambia. "Iache iote moto, itasema yenyewe."

Kisha nyuzi zote nane zikanguruma. Foleni ikiwa ya watu wa Bobasi, ulimsifu pundamilia, mnyama wa ukoo wao, na akina mama wakaacha vikapu vyao wakacheza.

"Mzee, ondoa hilo sufuria, basi linageuka!" kondakta alipiga kelele siku moja, akiuonyesha obokano kwa kidole.

"Sufuria hili ndilo lililomwoza mama yako!" ukamjibu bila kusimamisha vidole. Abiria walicheka mpaka dereva akazima injini.

Hapo ndipo mwalimu mmoja wa shule ile alipokukuta. "Tuazime, mzee, mashindano ya muziki yakiisha tutakurudishia." Ukampa. Ukaenda shuleni kwake ukawafundisha wanafunzi wimbo wako, kila neno. Wakashinda. Kwenye gwaride la shule ilitangazwa kwamba wimbo umetungwa na shule.

Ulipoenda kuuchukua obokano, mlinzi alikuzuia langoni. "Hiyo sasa ni mali ya shule. Tengeneza mwingine."

Tengeneza mwingine! Ule ulichongewa na baba yako, na mikono yako ilikuwa imeanza kutetemeka. Uliendelea kwenda stendi, ukakaa kwenye kigoda mikono mitupu, na makondakta wakakuita mzee wa sufuria lililoibiwa. Mvua zilipoanza, hukwenda tena. Siku ya mazishi yako, mzee wa kanisa yuleyule alimshukuru Mungu kwamba hatimaye uliushinda ulimwengu, ukaweka chini chombo cha shetani. Watu wakaitikia amina. Wizi ule wakaugeuza kuwa toba yako.

Jana nilikwenda shuleni kwao kuandika habari za gazeti kuhusu jengo lao jipya. Niligusa uzi mmoja. Vanishi imeiziba ngozi. Ulitoa sauti ya mtu anayebisha mlango wa mbao.

"Unang'aa, siyo?" mwalimu mkuu akasema. "Wageni huupenda sana."

Nilipanda kiti chake nikauteremsha. Alinifuata hadi uwanjani akisema nitashtakiwa. Anishtaki, jina langu analijua. Langoni mlinzi alikuwa yuleyule, amezeeka.

"Unapeleka wapi mali ya shule?"

"Tengenezeni mwingine," nikamwambia.

Ngozi hii imekufa, Baba Mdogo. Kesho tunaivua, tuwambe nyingine, na makaa yapo. Pumzika.

Mimi,
mtoto wa kaka yako