Baba Hakukataa

Nyegezi, Mwanza
Jumapili, 9 Mei 1976

Kwako baba yangu, Mzee Malimi,

Shikamoo baba. Naomba barua hii ikukute umekaa, umeshakula, na mguu wako hausumbui. Mayu naye, mama yangu mzazi, umfikishie shikamoo yake. Je, kile kikohozi alichokuwa nacho nilipoondoka kimemwacha? Na mihogo ya shamba la kijiji mmemaliza kuing'oa? Mimi mwili wangu ni mzima. Chakula ninakula, usingizi ninaupata ingawa si sana, na kile kidonda cha kisigino nilichopata siku ile ya kushuka kwenye pantoni kimekauka kabisa.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata. Nilipoona herufi zile kubwa, zimesimama wima kama nguzo za boma, nilijua hakuna aliyekushika mkono. Zamani barua ikija ilikuwa lazima Mzee Mayala, mwenyekiti wetu, akusomee, na jua halizami kabla kijiji kizima hakijajua imeandikwa nini. Sasa umefaulu kisomo cha watu wazima, unasoma mwenyewe. Kwa hiyo leo nakuandikia mambo ambayo nisingethubutu kuyapitisha kwa Mzee Mayala. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, polepole, na ufike mwisho kabla hujakasirika.

Mwezi wa pili sisi wa kidato cha kwanza tulipewa mtihani wa hesabu, wala hatukuambiwa ni wa nini. Baada ya wiki moja Mwalimu Mutayoba, anayetufundisha hesabu, mtu wa Bukoba, mrefu, asiyecheka ovyo, aliingia na karatasi akasoma majina kumi na mawili kati ya wasichana themanini. La kwanza lilikuwa la Jovitha, rafiki yangu ninayelala naye kitanda cha juu na chini. La pili lilikuwa langu. Akasema sisi kumi na wawili tumeonekana tunaweza kuingia mkondo wa sayansi: hesabu za ziada, fizikia na kemia, vipindi vingi kuliko wenzetu, na kazi ngumu tangu siku ya kwanza. Alisema halazimishwi mtu. Kila mmoja alipewa fomu ya kupeleka kwa mzazi, aandike anakubali au anakataa, atie sahihi, irudi kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi niliikunja fomu yangu nikaificha.

Baba, wewe unajua kule kwetu tulisoma kila kitu kwa Kiswahili. Hapa mwalimu wa fizikia anaongea Kiingereza kipindi kizima, na mimi nikishika neno moja, matano yameshapita. Wasichana wa kidato cha pili wakatuambia kuwa anayeanguka kwenye mkondo ule mwisho wa mwaka hufungashwa virago. Jovitha aliwacheka, akasema ni uongo, anayeanguka hurudishwa tu kwenye madarasa ya kawaida. Lakini baba yake Jovitha ni daktari, na dada zake wawili wamepita njia hiyohiyo. Yeye akijikwaa kuna wa kumwinua. Mimi nilikuwa namwaza kaka Ngosha.

Najua hupendi tumtaje. Lakini ni yeye aliyekuwa wa kwanza kijijini kwetu kwenda sekondari, na ni yeye aliyechaguliwa kwenye hesabu za ziada, na nyote mkachinja mbuzi. Kisha matokeo ya kidato cha nne yakatoka, jina lake halikuwamo, na yeye hakurudi. Huu sasa ni mwaka wa pili. Mara ile tulisikia yuko Kahama, ukaenda mwenyewe kwa lori, ukarudi mtupu. Nilikuona ulivyokuwa ukikaa upande wa nyumba unaotazama njia. Jina langu lilipoitwa, la pili kwenye ile orodha, sikuona sifa. Niliona njia ile, na wewe umekaa unaitazama kwa ajili yangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Fomu ile sikukutumia. Ilikaa sandukuni chini ya gauni langu la kanisani mpaka siku ya mwisho. Siku hiyo, wenzangu wakiwa shambani, niliingia stoo ya majembe, nikaandika "Nakataa", nikapaka wino kwenye dole gumba langu, nikaligandamiza mahali pa sahihi. Nilijua unaweza kuandika jina lako. Ila mwandiko wako nisingeweza kuuiga, na tena nilitaka waamini kwamba baba yangu ni mtu asiyejua kitu.

Mkuu wa shule, Sista Wilhelmina, aliniita akaniuliza kwa nini baba anakataa. Nilimwambia kwamba wewe ni mtu wa zamani, kwamba unasema mtoto wa kike akijua kusoma na kuandika inatosha, na kwamba kuna mtu ameshaleta habari za ng'ombe wa mahari. Baba, maneno hayo yalitoka mdomoni mwangu bila hata kukwama. Wewe, uliyeuza fahali ili mimi ninunue sanduku na godoro!

Nilidhani yameishia hapo. Wiki tatu nilikaa kwenye darasa la kawaida, lakini kila nilipomwona Sista nilibana mkono kwenye sketi, kana kwamba wino bado uko kidoleni. Kisha Jumatatu moja akaniita tena. Hakunikasirikia mimi. Alikukasirikia wewe. Alisema nchi hii haitoi nafasi kwa wasichana ili baba zao waje kuzifungia ndani, na kwamba ameandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, uitwe mbele ya halmashauri ujieleze. Akanikabidhi bahasha niipeleke kwa karani iwekwe stempu.

Ilikuwa imeandikwa jina la Mzee Mayala. Nilitoka nayo mpaka mlango wa karani. Nikakuona umesimama mbele ya watu wote, kofia mkononi, unaulizwa jambo usilolijua, na Mayala, aliyekuwa akikusomea barua, anakushangaa. Nilirudi kwa Sista, nikaweka bahasha mezani, nikasema, "Baba hakukataa. Baba hajaiona hata hiyo fomu. Dole ni langu."

Alinipa wiki mbili za kung'oa visiki kwenye shamba la shule, na jana nimemaliza. Barua ile akaichana. Alisema sitafukuzwa, lakini nitakaa kwenye mkondo wa sayansi mpaka wewe mwenyewe useme neno lako, na kwamba habari hizi nitakuandikia mimi, si yeye. Ndiyo maana Mwalimu Mutayoba amekubali kuvuka ziwa kwa pantoni ya Kamanga kukuletea barua hii pamoja na fomu mpya. Bahasha nimeifunga kwa gundi. Yeye hajui yaliyomo humu, hasa haya ninayoyaandika sasa.

Baba, kaa vizuri. Mayu akiwa karibu, mwambie naye akae.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, kabla sijatia dole lile, tuliruhusiwa kwenda mjini kununua sabuni. Tukipita njia ya bandarini niliona makuli wanashusha magunia ya saruji, nikamwona mmoja anayetupa mguu wa kushoto nje akitembea. Niliita. Watu wote waligeuka isipokuwa yeye.

Ni Ngosha, baba. Yuko hai. Yuko hapa Mwanza, wala Kahama hakuwahi kufika.

Amekonda, na saruji imezifanya nywele zake nyeupe kama za mzee. Aliniuliza habari zenu mmojammoja. Alisema kutoka pale anaiona pantoni ya Kamanga ikienda na kurudi kila siku, na mara mbili amewahi kukata tikiti kisha akashindwa kupanda. Nilipomwambia nimechaguliwa mkondo wa sayansi, alinishika bega kwa nguvu. Alisema, "Paskazia, usipande huko. Aliye chini akianguka anajipangusa. Aliye juu akianguka, nyumbani hapaendeki tena." Kisha akaniapisha kwa roho ya bibi kwamba sitasema nimemwona. Niliapa. Maneno yake niliyabeba kifuani, na ndiyo yaliyonipeleka stoo ya majembe.

Leo nimevunja kiapo hicho, na ninaogopa. Ninaogopa roho ya bibi, ninamwogopa Ngosha, ninakuogopa wewe.

Jumatano tulirudishiwa jaribio la kwanza la fizikia. Nimepata thelathini na moja kwa mia. Jovitha amepata sabini na nane. Nilikaa na karatasi ile nikingoja kitu kinitokee, sijui nini, labda niitwe ofisini. Kengele ya chakula ikalia. Tukaenda tukala ugali na maharage, na jioni Mwalimu Mutayoba akanionyesha nilipokosea, akasema nirudie. Ni hivyo tu. Bado naogopa. Lakini ukiniuliza mimi, nataka kubaki kwenye mkondo huo. Ukikataa nitatii, na safari hii itakuwa umekataa kweli.

Kama utaweza, vuka pamoja na mwalimu. Adhabu yangu niletee, nitaipokea. Ila kwa Ngosha usiende na Mzee Mayala, wala usimwite kwa mbali, maana atakimbia. Mkaribie tu kimya, umguse. Akikuambia kwamba aliyeanguka hana pa kurudi, mwambie mdogo wake amepata thelathini na moja, na bado ameandika nyumbani.

Nisalimie wote wa nyumbani, na majirani wa mstari wetu wa nyumba wanaoniulizia. Mayu mwambie simtumii kitu ila habari hizi, na nazileta kwa magoti.

Ni mimi binti yako niliyekukosea,

Paskazia Malimi