Usifagie Hadi Ndege Itue

Jumatatu, 9 Juni

Napepeta alizeti tangu asubuhi. Mgongo hauna hamu.

Neema mwanangu na Eliya wake wameondoka na basi la alfajiri. Keshokutwa wanapanda ndege Dar kwenda Mumbai, mtoto akazibwe tundu la moyo. Ana miaka mitatu, na ngazi mbili tu zinammaliza pumzi.

Nilishika ufagio, mama mkwe akaninyang'anya. Kwake msafiri akitoka hufagii mpaka afike, usije ukafuta nyayo zake. Nikamjibu Mungu hana shida na vumbi. Ufagio sasa uko chini ya godoro lake.

Jumanne, 10 Juni

Wamefika Dar salama. Nikaomba ufagio.

"Dar ndiyo hospitali?"

Nikarudi kwenye ungo wangu.

Mwalimu jirani amenitafutia kwenye simu yake. Uwanja wa Dar hadi wa Mumbai, kilomita kama elfu nne na mia sita. Ndege isiyotua njiani, kama masaa sita. Nimemwuliza mara mbili. Basi la Dar linakula muda mrefu kuliko huo, na halimalizi hata robo ya njia hiyo. Angeishia hapo ningelala. Akaongeza kwamba karibu njia yote ni bahari.

Sipendi kitu chenye haraka hivyo juu ya maji. Na huko juu, pumzi ya Eliya? Daktari kamruhusu. Daktari si bibi yake.

Jumatano, 11 Juni

Wameruka asubuhi. Neema alipiga kabla ya kuzima simu. Eliya akadakia: "Bibi, wamenifunga mkanda!" Nikacheka.

Masaa sita yamepita. Nane pia. Namba ya Neema haipatikani.

Simu inayopiga ni ya matapeli tu, namba ndefu yenye alama ya kujumlisha mbele. Nimekata. Imepiga tena, nimekata. Mwaka jana waliniambia nimeshinda gari, mimi nisiye na hata baiskeli. Ya tatu nimeifungia kabisa.

Maganda ya alizeti yamejaa sebuleni. Kuku wameingia. Siulizi habari ya ufagio.

Naogopa. Naogopa sana.

Alhamisi, 12 Juni

Sijalala. Uji umenishinda.

Mwalimu kapita kutujulia hali. Nikampa simu aangalie kama ni mbovu. Akaniuliza namba hii ya India niliyoifungia ni ya nani.

Nikakaa juu ya gunia.

Akaifungua, akapiga. Neema hata shikamoo hakutoa. "Mama, unanikatia simu kwa nini? Laini yangu huku haishiki, nimeazima ya watu! Tumefika tangu jana!" Nikasema nilidhani matapeli. Mama mkwe kacheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia kweli.

Eliya alilala njia nzima. Upasuaji ni Jumatatu.

Ijumaa, 13 Juni

Mama mkwe kaleta ufagio mwenyewe. Wamefika, nifagie, nyumba inanuka kuku.

Nimefagia sebule. Nimefagia jikoni. Pembeni ya mlango, pale Eliya alipovalia viatu, kuna alama ya soli ndogo kwenye vumbi. Ya kushoto tu.

Nimeifunika na beseni, kuku wasiikanyage.

Mama mkwe ameona. Ameuchukua ufagio, akaurudisha chini ya godoro lake.