Mguu Usiosikia Moto

Garissa,
Machi 1996

Kwako kaka yangu Guleid,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Natumai wewe, mama na watoto mko wazima, na kwamba mvua imefika Griftu na ngamia wana maziwa. Mimi nipo, alhamdulillahi. Nataka uje Garissa upesi kwa ajili ya kidonda chako cha kisigino. Binti yako Qali akusomee barua hii yote, asiruke mahali, hata pale ninapojiaibisha.

Kazi yangu hapo kambi ya wakimbizi ya Dagahaley unaijua, kupakua magunia ya mahindi ya mgao. Siku moja msumari wa kiatu changu cha tairi ulinitoboa unyayo, nisijue. Diriye, nyapara wetu, ndiye aliyeona damu kwenye lori akauliza ni nani amechinja humo bila kumwita. Kidonda kilikataa kupona, wakamleta Mzee Ogle anichome kwa kijiti cha moto, kama tunavyochomwa nyumbani. Wenzangu walitaka kunishika, nikawaambia waniache. Nilikunywa chai huku nyama yangu ikinuka. Wakaniita simba. Diriye alisema mwanamume kama huyu hata mahari haombwi. Nami nikajibu kwamba kwetu Griftu hata wasichana huchomwa bila kupepesa jicho.

Kaka, haukuwa ujasiri. Sikusikia kitu. Kwa muda mrefu nyayo zangu zilikuwa kama zimefungwa blanketi, na nililala vidole vikiwaka. Nilinyamaza nisije nikaitwa mgonjwa nikafukuzwa kazi.

Kidonda kilipoanza kuoza nilikwenda kliniki, ambako daktari wa miguu alikuwa amekuja kutoka Garissa. Sikujua kama miguu ina daktari wake. Ni mwanamke, anaitwa Faiza, na kwanza nilikataa kumpa mguu. Akaniambia ameshika nyayo za wanaume wengi na hakuna hata mmoja aliyemposa kwa sababu hiyo. Alinitaka nifumbe macho, niseme kila atakaponigusa kwa uzi mgumu. Nikasema hapo, na hapo, na hapo tena. Akaniambia kwa upole kwamba uzi ulikuwa bado mfukoni mwake.

Alipima damu akakuta ugonjwa wa sukari. Alisema sukari huua hisia za miguu polepole. Alitafuta mapigo ya damu juu ya mguu, akachonga ngozi ngumu, akaosha kidonda, akanikataza kuukanyagia mguu huo. Alinieleza kwamba mtu asingoje maumivu. Akiona ganzi, uvimbe, ngozi iliyobadilika rangi au kidonda kisichofunga, aje mara moja. Akauliza habari za ndugu zangu, kwa kuwa ugonjwa huu hupita katika familia. Nikamwambia ni wazima. Kesho yake Diriye akauliza simba yuko wapi, nikarudi kwenye magunia.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Siku hizo hizo Bishara mfanyabiashara alifika kutoka kwenu. Alisimulia jinsi ulivyokanyaga kaa la moto kwa kisigino ukaendelea kuongea mpaka watoto wakasikia harufu, na kwamba watu wanakusifu. Nilijua maana yake, daktari alikuwa ameniambia. Lakini wapakuzi wenzangu walikuwa wamekaa pale wanasikiliza. Kama ningesema ukweli wako, wangejua na wangu. Nikamtuma Bishara akuambie kwamba sisi ni damu moja, na kwamba uendelee hivyo hivyo.

Mguu wangu wa kulia uliendelea kuoza kazini, na sasa umekatwa hapa Garissa, chini ya goti. Huo ni wangu, nimeukubali. Wako ndio unaoninyima usingizi.

Panda lori la kwanza la mbuzi, usikanyagie kisigino, wala usikubali kuchomwa. Faiza anakungoja, nimempa jina lako. Ukiona haya kusema unakwenda kutibiwa, waambie unakwenda kumwona ndugu yako aliyepoteza mguu kwa uongo wake. Aibu hiyo nitaibeba mimi.

Mama, kama umekaa hapo unasikiliza, nisamehe. Wasalimie watoto, na majirani wote wa kisimani.

Ni mimi mdogo wako,
Mursal